Kunde Zilizopita Motoni

Simu ilipokatika, nilibaki nimeshika mkonga wake na chai yangu imepoa. Kunde za mama yangu zilikuwa zimekufa. Zote. Mama mmoja wa ng'ambo, kutoka kituo kilichotutunzia mbegu, alikuwa amesema polepole, kwa upole wa mtu anayetoa habari ya msiba: walizilaza kwenye karatasi yenye maji, wakangoja, wakajaribu nyingine, na hakuna hata moja iliyoota.

Kazi yangu wakati huo, miaka ya tisini, ilikuwa kuunganisha watu. Huku Machakos kulikuwa na wakulima wenye mbegu za zamani, na kule ng'ambo kulikuwa na watu wenye vyumba vya baridi ambamo mbegu hulala miaka mingi bila kuharibika. Mimi nilikuwa katikati. Nilitafuta vibali, nikabembeleza maafisa, nikatafsiri, nikapika chai ya wageni. Mkulima alitoa mbegu kidogo, na siku shamba lake likikauka, angerudishiwa. Mpango mzuri, na niliuamini kama ninavyoamini kwamba kesho kutakucha.

Mbegu niliyoipigania kuliko zote ilikuwa ya nyumbani kwetu, Muthetheni. Ni kunde ndogo, nyekundu, za kutosheka na mvua kidogo. Majirani walishahamia mbegu za dukani, wakabaki kumcheka mama yangu na kunde zake za kizamani. Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, hakujali.

Nilipowaleta wageni wa ng'ambo nyumbani, aliwachinjia kuku. Wakala, wakashiba, wakasifu. Kisha akaingia jikoni, akakaa humo muda mrefu kidogo, akatoka na mfuko safi wa kunde. Wageni waliupokea kwa mikono miwili, picha zikapigwa, na mimi nikatembea pale uwanjani kifua mbele. Walipokuwa wakipanda gari, Mwaitu alinivuta mkono hadi nyuma ya ghala, akanipa kibuyu kilichozibwa kwa gunzi.

"Hiki ni chako," akasema. "Kaa nacho."

Nikadhani ni pambo. Haki ya Mungu, nilidhani hivyo! Nikakiweka juu ya kabati ofisini, mjini Machakos, wageni wapate kuona vyombo vya Wakamba. Walikipenda sana. Hakuna aliyewahi kukifungua, hata mimi mwenyewe.

Mwaka huo mvua ilitucheza. Ilianza vizuri, kila mtu akapanda, Mwaitu akapanda kila punje aliyokuwa nayo, halafu ikakata kunde zikiwa katika maua. Zilizobaki zikaliwa na mbuzi. Sikuhuzunika sana. Nilijiambia, hii ndiyo siku tuliyoifanyia kazi, nikawaandikia wa ng'ambo waturudishie kunde zetu.

Ndipo ile simu ikaja. Nilimfokea yule mama wa watu! Nikamwambia wamezichoma wenyewe na mashine zao za uwanja wa ndege. Akasema zinaonekana kama zilipata joto kali kabla ya kuwafikia. Nikamwambia asimtukane mama yangu. Hapo ndipo mazungumzo yalipokwisha.

Wiki haikuisha, Mwaitu akaingia ofisini, vumbi miguuni, kiondo begani. Akaketi, akanywa maji, akauliza habari za kazi. Hakuwa na wasiwasi wowote, na hilo ndilo lililonichoma.

"Mvua zinakaribia," akasema. "Nimekuja unipe kunde zangu."

Nilishindwa kumwangalia. Nikaanza kueleza, nikajikuta nalia kama mtoto. Nikamwambia hawa wageni niliowaleta kwake wameziua kunde zake, na sasa hakuna mtu hata mmoja Ukambani aliye nazo, na ni mimi niliyewaleta. Nikawatukana pia, kwa Kikamba na kwa Kiswahili.

"Wacha kutukana watu," Mwaitu akasema. "Hizo za wageni hazingeota. Nilizikaanga."

"Ati nini?"

"Kidogo tu. Nilizipitisha kwa moto, zisibadilike rangi."

Woi! Nilihisi kiti kinanikimbia. Nikamuuliza kama anajua alichofanya. Nilipiga kelele, nikiri tu, nilimpigia mama yangu kelele mpaka mtu wa ofisi ya pili akachungulia mlangoni. Mwaitu alinitazama kwa mshangao wa kweli. Yeye alidhani ninajua. Mama yake alifanya hivyo, na nyanya yake pia: mbegu haitoki nyumbani ikiwa hai kwenda kwa mtu asiye wa nyumba hiyo, la sivyo mavuno yanaifuata huko. Mgeni hanyimwi, lakini anapewa ya kula. Iliyo hai hupewa mtoto.

"Na wewe nilikupa," akasema. "Ziko wapi?"

Nilinyoosha kidole tu.

Akainuka, akakitazama kibuyu pale juu ya kabati, kati ya kombe la mpira na maua ya plastiki, jua la dirishani likikipiga. Sasa ikawa zamu yake kushtuka. Alikishusha, akakitikisa karibu na sikio. Kikalia. Akang'oa gunzi, akamimina kiganjani: majivu, kisha kunde nyekundu.

"Umeziweka juani," akanong'ona. "Mwana wakwa, umeziweka juani muda huu wote."

Hakunikemea zaidi ya hapo, na nilitamani anikemee. Alizilaza kwenye gunia bichi nyumbani, na mimi nikaomba ruhusa kazini nikakaa naye, tukichungulia lile gunia kama watu wanaomwangalia mgonjwa. Nyingi zilioza. Chache zikatoa ncha nyeupe. Mwaitu alifunika uso kwa leso, akalia kwa sauti, na ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa ameogopa.

Zile chache zilipandwa karibu na mlango wa jiko, zikamwagiliwa kwa maji ya kuoshea vyombo. Siku ya kuzichuma nilikuwepo. Mwaitu alikuwa akimenya, ghafla mikono yake ikasimama.

"Na mtu asiye na mtoto," akauliza, "kibuyu angempa nani?"

Akaendelea kumenya. Alipomaliza aligawa mafungu mawili, moja akalirudisha kwenye majivu, jingine akalifunga kwenye kitambaa na kunipa.

"Za wageni hizi. Hazijaona moto."

Nilichukua punje moja, nikaiuma palepale mbele yake. Ilikuwa mbichi, chungu. Mwaitu hakukasirika. Alichukua moja kwenye kile kitambaa, akaiuma naye.