Tegu Wakati wa Msiba

Mwaka 1992 nilikuwa mjane wa miezi minne, na majirani zangu wa mtaa wa Niboye walishakubaliana kwamba nakonda kwa ajili ya msiba. Mume wangu alikuwa akichoma mishikaki kando ya barabara. Aligongwa na lori asubuhi moja akienda kununua mkaa. Baada ya mazishi mama yake alihamia kwangu. Wageni wakija alinishika mkono akawaonyesha mifupa. "Huyu alimpenda mwanangu," alisema. Sikuwa nimelia hata mara moja, na sikujua ningewaeleza nini.

Siku moja chooni niliona vipande vyeupe, bapa, kama tambi zilizokatwa. Kimoja kilikuwa kinajikunja. Nilikitazama mpaka kikatulia. Sikuogopa wala sikuona kinyaa. Nilikitia kwenye kichupa nikaenda nacho zahanati.

Mpimaji wa maabara, mwanamume wa makamo, alikibana kati ya vioo viwili akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akawa anahesabu mistari iliyoonekana ndani yake.

"Mama, hii iko tegu. Ya ng'ombe. Munakula nyama haijaiva?"

"Mume wangu ni mchomaji. Mimi humwonjea chumvi, nyama ikiwa bado nyekundu."

"Mwambie aiache motoni."

"Amefariki."

Aliweka vioo chini. "Pole, mama," akasema, kisha akaandika.

Nilipewa vidonge vinne. Nilivitafuna asubuhi kabla ya kula chochote, na baada ya saa mbili nikanywa dawa ya kunifanya niharishe. Mchana tegu ikatoka, utepe mrefu uliokatikakatika.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

"Ilikuwa tegu, mama," nikamwambia.

"Kwa hiyo si mwanangu aliyekukondesha."

Tangu siku hiyo hakunishika tena mkono mbele ya watu. Mwili ulianza kurudi, nguo zikanikaa, na wiki chache baadaye akafunga mizigo yake. Nilimbebea begi hadi kituo cha basi. Aliagana nami kwa adabu, kama mtu anayeagana na mwenye nyumba.

Miezi mitatu ilipopita nilirudi zahanati kupimwa. Yule mpimaji alisema nimepona. Nikamshukuru, nikatoka, nikakaa kwenye benchi la nje karibu saa nzima, sina ninachokiwaza, na bado sikuwa nimelia.