Nilisugua Miguu Iliyotakiwa na Televisheni

Kosa ni langu, sitamsukumia shetani. Shetani hakuwa hata na habari. Nililifanya mimi, mchana kweupe, nimekaa kwenye kiti cha saluni kule Pipeline, soda mkononi.

Mjukuu wangu Nekesa anatengeneza vipindi vya televisheni. Siku moja alikuja kwangu hapa mtaani Ziwani akaniambia wakubwa wake wamempa nafasi moja tu ya kujaribu kitu kipya. Kikipendeza, anaandikwa kazi. Kisipopendeza, arudi nyumbani.

Alitaka kuchukua shairi la Wazungu wa kale, wa kabla ya treni na bunduki, alitie kwenye skrini. Humo mtu amekufa, roho imetoka, imesimama kando ya kitanda inagombana na mwili: ni nani kati yetu aliyeharibu maisha?

Nikamuuliza, "Nyimbo ziko?"

"Hakuna, Kukhu." Ndivyo anavyoniita, yaani bibi kwa Kiluhya.

"Na harusi mwishoni?"

"Hakuna harusi. Skrini nimeigawa mara mbili. Juu Roho anaongea Sheng ya vijana wa mtaani, chini Mwili umelala tu. Wewe ndio Mwili."

Sikuelewa kitu, lakini hilo neno "wewe" nililisikia vizuri sana. Kufika Jumapili, kanisa zima lilijua naingia kwenye televisheni.

Jumamosi ya kwanza walinipiga picha uso na mikono, nimelala kitandani kwangu. Nekesa akasema miguu ataichukua wiki inayofuata, peke yake, kwa muda mrefu.

Hapo ndipo jirani yangu Mama Mutuku alipocheka mbele ya akina mama wote wa kanisa. "Wataonyesha hayo magaga yako? Si watu watafikiri ni barabara ya mtaani kwetu?"

Wenzangu, hayo magaga nilikuwa nayo kweli. Miaka mingi nilisimama ndani ya maji kwenye kiwanda cha kuosha chupa huko Industrial Area, viatu vya mpira vimetoboka, ili mama yake Nekesa asome. Visigino vilipasuka vikabaki hivyo. Lakini kuchekwa na Mama Mutuku? Yeye ambaye visigino vyake ni vibaya kuliko vyangu, na amevipata kwa kuuza sukuma wiki kibandani, amekaa chini?

Nikaenda saluni. Kijana wa kusugua miguu alivua miwani, akaivaa tena. "Shosh, hapa nitahitaji jembe." Alinisugua mpaka akatoa jasho, akanipaka rangi nyekundu kwenye kucha. Nilitoka na miguu ya bibi harusi.

Jumamosi ya pili Nekesa alifunua shuka akaiinamia miguu.

"Kukhu, umefanya nini?"

"Nimekuwa msafi."

"Kwa lile shairi la zamani Mwili unashindwa tu. Mimi nilibadilisha. Nilitaka Mwili umjibu Roho: wewe ulikuwa unaimba kanisani, mimi nilikuwa nimesimama majini. Halafu tuone miguu. Sasa tutaona nini? Kyutex?"

Ningesema pole wakati huo, mambo yangeisha. Lakini wale vijana wa kamera walikuwa wananitazama, na mimi nina kiburi. Nikasema kwa sauti, "Sikuwalea ili mnitangaze maskini. Kama unataka nyufa, nenda kwa Mama Mutuku. Yeye hata haya hana."

Akaenda.

Kipindi kilipoonyeshwa tulijazana kwa nyumba ya mwenyekiti wa akina mama. Nusu saa nzima, juu msichana anafoka, chini kuna kisigino tu, uso wangu haupo. Hakuna aliyeelewa, lakini Mwili ulipoanza kusema habari ya maji na chupa, watu walilia. Maisha yangu, miguu ya Mama Mutuku! Pasta akamshika mkono. "Pole kwa kazi ile ngumu, mama." Naye akajibu, "Mungu ni mwema." Chupa hajawahi kuosha, labda ya uji.

Basi wakubwa wa Nekesa wakapenda. Wakataka mwenye miguu ahojiwe redioni kuhusu kiwanda, ndipo waamue habari ya kazi ya mjukuu wangu. Mama Mutuku alinijia mbio, kanga imemponyoka begani.

"Dadangu, nitasema nini? Nikikosea wataona tulidanganya, na mtoto atafukuzwa."

Nilimtazama. Ningeweza kumwacha aungue. Nekesa hakuwa ameniuliza hata hali tangu siku ile ya kucha.

Nikavuta kiti. Nikamwambia maji yalikuwa baridi namna gani asubuhi, na jinsi chupa iliyopasuka huioni mpaka maji yawe mekundu. Nikamfundisha jinsi msimamizi alivyotuita. Nilimrudisha nyuma kila alipokosea.

"Na ulikuwa unalia?" akauliza.

"Hilo usiwapelekee. Hilo ni langu."

Alihojiwa vizuri kabisa, mwizi yule. Nekesa ameandikwa. Alinipigia simu akasema asante, akaniuliza kama nimekula, kisha akakata kwa sababu alikuwa kazini.

Akina nyanya wenzangu, mjukuu akikuomba kitu, muulize anataka nini kwako kabla hujakimbilia saluni. Huenda ni kile unachokificha. Mimi siku hizi natembea peku uani asubuhi na jioni, lakini visigino vimekataa kupasuka.