Vitambaa vya Njano Msituni Srae Thnong

Siku ya kwanza niliyofika Srae Thnong, kaskazini mwa Kambodia, kununua utomvu wa kuzibia mitumbwi, nilimwambia Mama Chhoeun kwamba dumu lake lina maji. Sikuwa nimelifungua hata kifuniko. Ndivyo bei inavyoanzwa.

"Maji?" Alichovya kijiti, akakiwasha mbele ya pua yangu. Kikawaka kimya, bila kutatarika. "Haya, mwanangu, nionyeshe maji yanayowaka hivi. Au yamekuingia machoni?"

Wanawake wakacheka. Nililipa alichotaka, na kwa miaka mingi sikununua kwa mwingine kabla yake.

Miti ya utomvu ilikuwa na wenyewe, kila familia na yake. Shinani huchongwa shimo, likachomwa moto kidogo, utomvu ukachuruzika humo. Lakini msitu wenyewe ulikuwa wa umma, na kampuni moja ilipopewa kibali cha kulima mihogo humo, Mama Chhoeun ndiye aliyewatoa watu majumbani. Walizunguka msituni na wali waliofungasha, wakiwanyang'anya wakataji misumeno yao ya mashine. Wilayani aliambiwa anazuia maendeleo.

"Yapite tu," alijibu, "mimi nimeyakataza njia? Yasikanyage msitu wetu."

Mwishowe waliamua kuwaita watawa waivike miti vitambaa vya njano, kama anavyovikwa mtawa. Nani angethubutu kukata mti uliovikwa joho? Kitambaa nilikileta mimi, kwa bei niliyonunulia. Utomvu nilikuwa nautaka. Hakikutosha msitu mzima.

"Na mingine, shemeji?" aliuliza Hoy, ndugu wa marehemu mume wa Mama Chhoeun. "Tuiache uchi?"

"Wewe Hoy, mingine inakulisha nini? Tuvike kwanza inayotupa wali."

Mtu wa kampuni alikuja siku ileile, akapiga magoti mbele ya watawa. "Sisi pia ni Wabuddha," alisema. "Mti wenye kitambaa hautaguswa." Watu wakapiga makofi, na Mama Chhoeun akapiga kuliko wote.

Neno lao walilitimiza. Tingatinga lilipita katikati ya vitambaa likafagia kila kisichovikwa. Alipokwenda kulalamika, afisa alimwuliza, "Mama, si nyinyi wenyewe mlioonyesha mnachotaka kibaki?"

Miti iliyosalia ilisimama mirefu kwenye uwanja mtupu, haina mingine jirani ya kuikinga, na kila mmoja una shimo shinani. Mvua zilipokuja na upepo wake, ikavunjika palepale penye shimo. Nilimkuta Mama Chhoeun ameketi juu ya gogo, anafungua kitambaa kilichojaa matope.

"Hoy aliniuliza," alisema. "Aliniuliza kabisa, mbele ya watu."

Nikamwuliza kama kuna utomvu.

"Wa kuwashia jiko. Nenda zako, mwanangu, usichelewe njiani."

Baada ya kelele nyingi, wilaya iliwaachia watu wa Srae Thnong kipande cha msitu bondeni, kando ya kijito, kwa maandishi na mhuri. Kampuni haikukitaka, kwa sababu hujaa maji. Mama Chhoeun ndiye mwenyekiti wa kamati yake, na hamna humo mti wa utomvu hata mmoja. Siku zisizo za vikao anang'oa mihogo ya kampuni kwa kibarua, pale palipokuwa na miti yake. Mihogo hiyo naisafirisha mimi. Nimeongeza lori.