Wapagazi Tuliowaacha Njiani

Uani siku ile tulikuwa watu saba: bwana mwenye duka la santuri, fundi wa redio, mzee wa Ntalikwa aliyebeba mizigo hadi pwani kabla reli haijafika Tabora, mjukuu wake wa kike, wadogo zangu wawili, na mimi.

Niliacha shule darasa la sita wazazi wetu walipofariki, nikawa nauza santuri za Kongo na Nairobi. Baada ya Uhuru bwana akawa ananiuliza, "Binti, sisi huku hatuna sauti?" Alitaka santuri yenye karatasi ya duka letu katikati. Akanunua mashine ya kurekodi na tepu moja. Nyingine ingechukua miezi kufika. Wimbo wa kwanza uwe wa wapagazi, mzima, tangu kuinua mizigo hadi kuitua.

Mzee akakalishwa kitini. Akaimba kidogo, sauti ikakauka.

"Wimbo huu hauimbwi kwa makalio," akasema. "Nipeni mzigo."

Tukampa kasha la santuri. Akalipima begani, akacheka. "Hili? Hili marehemu mke wangu angelibeba huku ananyonyesha!" Tukaongeza mfuko wa chumvi. Alipoanza kuzunguka ua, sauti ikafunguka, mjukuu wake akaitikia. Fundi akapunga mikono: sauti inapotea. Nikaishika maikrofoni, nikatembea kinyumenyume mbele ya mzee, wadogo zangu wakiinua waya.

Hapo nikakosea. Wimbo ulitaja kituo baada ya kituo, nami nilitamani kujua.

"Babu, hapo mlikunywa maji gani?"

"Ya matope, mjukuu wangu! Ulidhani ya bomba?"

Nikauliza la pili, la tatu, la simba, la viatu. Alijibu yote huku akitembea. Ghafla mkia wa tepu ukaanza kupigapiga kwenye mashine.

"Imekwisha, babu," fundi akasema.

"Imekwishaje? Watu wako porini na mizigo begani!"

Fundi alitaka kufuta turudie, lakini miguu ya mzee ilikuwa inatetemeka. Bwana akakataa. Mzee akapokea malipo yake, kisha akaninyooshea kidole. "Wewe mwenye maswali, una deni langu. Utakuja tuwatue."

Nikaahidi.

Santuri ilitoka na maswali yangu yote ndani. Wateja walicheka, wakanunua. Hakuna aliyeuliza kama wapagazi walifika.

Tepu mpya ilipokuja, nikaenda Ntalikwa na mashine kichwani. Nikakuta nyumba haina paa. Majirani wakasema familia ilihamia kijiji cha ujamaa, mzee akiwa amebebwa kwenye gari huku akilalamika kwamba hajazoea kuwa mzigo. Kijiji kipi? Mmoja akasema upande wa Usoke, mwingine Choma. Sasa miaka mingi imepita. Najua hayupo tena, umri wake haukubali, lakini mjukuu wake alikijua kipande cha kutua.

Usoke nimekwenda mara mbili. Choma bado.