Mama Rudia na Dawa ya Majaribio

Wadi nzima ilimwita Mama Rudia, na wala hawakumsingizia. Tangu ugonjwa ule wa mapafu uingie, nesi huyu alipewa kazi moja: kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa aliyezidiwa, kumweleza kwamba kuna dawa mpya inajaribiwa na bado haijathibitishwa, kisha kumwambia, "Haya, rudia. Sasa nieleze mimi, kwa maneno yako." Mgonjwa akijibu, "Mmeniletea dawa ya kuniponya," nesi anatikisa kichwa, anavuta kiti karibu zaidi, anaanza upya. Umlilie, umbembeleze, umwite mama mzazi, hakubali ng'o.

Msidhani ni ukaidi mtupu. Dawa yenyewe iliingia kwa dripu, na ilikuwa na vituko vyake. Wengine iliwapita kimya kimya, wengine iliwawasha mwili mzima au kuwabana koo. Sasa mtu aliyeamini kwamba anaponywa, mwili ukianza kumwaka anajisemea, "Aa, hiyo inafanya kazi," anajikaza, ananyamaza, mpaka mambo yanaharibika. Aliyeelewa kwamba hakuna anayejua kitu, huyo anapiga kelele mapema. Mama Rudia alitaka watu wa kupiga kelele.

Na nyumbani kwake, jamani, alikuwa ameolewa na mtu asiyejua kelele ni nini. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mtaani walimpa jina la Kawaida. Cheche imetoboa shati hadi ngozi: "Vipi, fundi?" "Kawaida tu." Msumari umezama mguuni: kawaida. Jino limemvimbisha shavu, anatafunia upande wa pili huku anapiga mluzi: kawaida. Mwanamume mcheshi, mwenye mkono wazi, na aliyemwamini mkewe kupita kiasi. Mke akisema mvua inakuja, yeye anaanua nguo bila kutazama juu.

Basi ugonjwa ukamfikia na yeye. Alipoanza kukohoa alisingizia moshi wa karakana. Aliposhindwa kufunga kamba za viatu bila kupumzika katikati, mkewe hakumuuliza hali, maana jibu alilijua. Alimbana kidoleni kile kidude cha kupimia oksijeni, akaiona namba ilivyoshuka, akampeleka hospitali vile vile alivyo, na ovaroli yake na grisi yake.

Kufikia asubuhi iliyofuata hali ilikuwa mbaya. Oksijeni ilikuwa inaingia puani kwa nguvu, na bado kifua kilipanda na kushuka kama cha mtu anayekimbizwa. Daktari wa wadi, mama mmoja mrefu asiyependa maneno mengi, alimvuta nesi pembeni.

"Hii dawa tunawapa ambao hawajafika kwenye mashine kubwa ya kupumulia. Akishaingia kwenye mashine, basi tena. Na mumeo anaelekea huko leo."

"Najua."

"Kumweleza ni kazi yangu. Wewe ni mkewe, kaa mbali."

Mama Rudia akakaa mbali. Alisimama mlangoni, amevaa lile gauni la plastiki linalomtoa mtu jasho, akamsikiliza daktari akieleza vizuri kabisa, taratibu, bila kuruka kitu. Kisha daktari akasema, "Haya, fundi, niambie umeelewa nini."

Kawaida akatabasamu chini ya barakoa. "Mke wangu yuko hapa," alisema akihema. "Kama ni dawa ya wadi yake... itaniponya. Leteni."

Daktari akarudia. Fundi akajibu vile vile. Wakati huo simu ikawa inatetemeka mfukoni mwa nesi. Ni wifi yake, dada wa Kawaida, aliyekuwa amesimama nje ya geti tangu alfajiri.

"Wifi, si wewe ndiye unayekaa na hiyo dawa? Kaka yangu anakata pumzi, nyie mnamfanyia mtihani wa darasani? Mpe!"

"Wifi, sikiliza..."

"Sisikilizi! Akifa utanijibu mimi!"

Akakata. Mama Rudia akairudisha simu mfukoni. Alitaka kumpa, tena sana. Alitaka kufungua friji ya dawa, kuitundika chupa kwa mikono yake mwenyewe na kufunga macho. Lakini alimfahamu mumewe. Koo likimbana, mtu yule angefumba macho na kusema kawaida tu, mpaka afe akiwa na adabu zake.

Daktari alitoka. "Mtu mzima yule, amekubali kwa mdomo wake. Ningeweza kuanza," alisema. "Lakini hajaelewa hata neno moja. Anakuamini wewe tu. Nenda. Wewe ndiye uliyemharibu, wewe umrekebishe. Mimi nitasimama pale pale nisikie."

Nesi akavuta kiti.

"Baba," alisema, maana hivyo ndivyo alivyomwita tangu mtoto wao wa kwanza, "mimi sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui kama hii dawa itakuponya. Inaweza kukuponya. Inaweza kukuua. Inaweza kupita kama maji, isifanye lolote. Daktari hajui, na walioitengeneza hawajui, ndiyo maana inaitwa majaribio."

Fundi alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Wewe? Wewe unayejua nyanya iliyooza... kwa kuitazama tu?"

"Acha utani. Sijui. Na ninaogopa, nimeogopa tangu jana." Machozi yakamtoka ndani ya miwani ile ya kujikinga, na hayafutiki yale, maana huruhusiwi kugusa uso. Akabaki anamtazama mumewe kupitia ukungu.

Kawaida hakuwahi kumwona hivyo. Alimkazia macho, utani umemwishia wote. Halafu akaanza kusema, polepole, anakata maneno kutafuta hewa.

"Kwa hiyo... ni kama mtu ameniletea tangi nilichomelee... na hasemi lilibeba nini. Labda maji. Labda petroli. Naweza kumaliza kazi salama... naweza kulipuka nalo. Wewe hujui, mimi sijui. Na nikisikia harufu yoyote... nizime moto kwanza, nisijifanye dume."

"Na ukisema hutaki?"

"Nisiposhika tangi... mtanitunza vile vile. Nimesikia. Lakini nataka, mama. Nishike tangi."

Daktari aliitikia kwa kichwa. Dripu ikatundikwa na nesi mwingine, kwa sababu Mama Rudia alikuwa mkewe, na mwenyewe hakubisha.

Matone yalianza kushuka. Chupa haikuwa imefika hata robo pale Kawaida alipokunja uso. Mkewe alikuwa nje, ng'ambo ya kioo cha mlango, akaliona. Alimwona anameza mate. Anameza tena. Aliijua sura ile, ni ile ya msumari, ni ile ya jino. Sema, alinong'ona peke yake. Sema, baba, nakuomba.

Mkono wa fundi ukainuka.

"Koo," alisema. "Linabana. Zimeni."

Dripu ikafungwa papo hapo, sindano ikaingia, watu wakamzunguka. Daktari alipotoka baadaye jasho lilikuwa limemlowesha. Alisema chupa ile ingeendelea kidogo tu zaidi, wangekuwa wanaongea mambo mengine.

Kawaida akatolewa kwenye majaribio. Alibaki na oksijeni, vidonge vya kawaida, na amri ya kulala kifudifudi, na siku ile haikumfikisha kwenye mashine kubwa, wala iliyofuata. Kwa sababu ya kelele yake, waliokuja baada yake waliwekewa dawa ile taratibu zaidi, na wengi wao ikawakubali. Kuna waliotoka kwa miguu yao, na nesi aliwapigia makofi kila mmoja. Wifi hadi leo anatangaza kwamba kaka yake aliponywa na dawa mpya. Mama Rudia amechoka kumsahihisha.

Fundi alirudi nyumbani amekonda, ovaroli inamning'inia. Jioni ya kwanza alikaa kwenye kochi, mkewe akamletea uji, akampangia mito mgongoni bila kumuuliza hali. Mazoea.

"Mama," alisema Kawaida, ameshika kikombe kwa mikono yote miwili. "Bega hili la kulia linaniuma."

"Tangu lini? Ulilalia vibaya hospitali?"

Akatazama chini, kwa aibu kama mtoto.

"Tangu kabla hatujaoana."