Mkono wa Yordani na Kamba ya Wakata Mkonge

Habari hii ni kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza mpaka nukta ya mwisho. Mwandishi ameyaona mambo yote kwa macho yake mawili, isipokuwa machache aliyoyaona kwa jicho moja kwa sababu ya vumbi. Asiyeamini na aende kambi ya mkonge ya Ngombezi, karibu na Korogwe, akaulize.

Saa kumi na mbili asubuhi. Umande bado uko juu ya mkonge, na Yordani Simeo ameshamaliza matita manne. Anakata mwiba wa ncha, anakata jani shinani, analitupa nyuma, anashika lingine. Majani thelathini ni tita moja. Matita sabini ndiyo kazi ya siku.

Kwenye tita la tano kisu kinamponyoka. Anakiokota. Kinamponyoka tena.

"Vidole vimelala," anasema, akiukung'uta mkono wa kulia kama aliyeshika kaa la moto. "Mimi nimeamka, vyenyewe bado."

Yordani ana miaka thelathini na minne. Baba yake alikuja na mkataba kutoka Ubena, na yeye akazaliwa humu humu kambini. Amekata mkonge miaka kumi na mmoja. Ganzi ilianza masika ya mwaka jana, 1952, kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati. Siku hizi hawezi kufunga vifungo vya shati.

"Mke wangu ananivalisha kama mtoto wa ubatizo," anasema, na kucheka.

Bernadina, mkewe, hacheki. "Ukimwona anacheka ujue anaogopa," anasema. "Asiyekata haandikiwi siku kwenye kipande, kadi yake ya kazi, na asiye na kipande hakai kambini. Tuna watoto watatu. Twende wapi?"

Kwenye kifundo cha mkono ule kuna kamba ya singa, yaani nyuzi za mkonge, imekazwa mpaka nyama imetokeza pande zote mbili. Karibu kila mkataji wa hapa anayo. Husema mkono uliofungwa hauchoki. Ganzi ilipozidi, Yordani alikaza zaidi.

Chanzo cha desturi hiyo, wanasema, ni nyapara mmoja wa zamani, mtu hodari na mwenye umbo la kupendeza. Alikuwa akiwasimulia wageni habari za mkataji aitwaye Mbaruku, aliyejifunga kamba akakata matita mia mbili kabla ya saa nne, mpaka kisu kikashika moto ikabidi kizimwe kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Mwandishi hana sababu ya kumtilia shaka nyapara huyo.

Jumamosi mwandishi alimpandisha Yordani lori la mahindi mpaka Handeni, kwa Bi Hajira binti Rehani. Bibi huyu wa Kizigua ameunga mifupa na kunyoosha viungo vya watu tangu Mjerumani hajaondoka. Walimkuta akipepeta mtama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona mkono umefungwa kama mbuzi wa kuuzwa?"

Hakuugusa kwanza. Alimwambia Yordani agusanishe migongo ya viganja, vidole vitazame chini, atulie. Akaendelea kupepeta. Ungo haujajaa mara ya pili, Yordani akasema ganzi imekuja.

"Kidole cha mwisho nacho?"

"Hicho hakina neno."

"Basi nimeujua." Bibi akaweka ungo chini. "Hapa kwenye kifundo pana mlango mwembamba. Kano za vidole zote hupita humo, na katikati yao mshipa mmoja wa fahamu. Umewaona ng'ombe wakiingia zizini jioni? Wakisongamana, anayebanwa ni ndama. Mshipa ndio ndama. Unapeleka habari za gumba na vidole vinavyofuata, mpaka nusu ya kidole cha pete. Cha mwisho kina njia yake. Wewe kutwa unakunja kifundo na kukaza kisu, kano zinavimba. Juu yake ukaufunga mlango kwa kamba!"

Akaikata kwa wembe. Akabonyeza nyama ya chini ya kidole gumba, akaguna. "Imeanza kupungua. Ungengoja mwaka mwingine ningekurudisha nyumbani na mkono wa kupungia tu."

Alimkanda kwa mafuta ya nyonyo, kuanzia kiwikoni kushuka, polepole, bila kukibana kifundo chenyewe. Akavuta kidole kimoja kimoja, akamfundisha kuvikunja na kuvinyoosha mara kumi kila asubuhi. Kisha akachonga vibanzi viwili vya mlingoti mkavu wa ua la mkonge, akavifunga kwa kitambaa kilicholegea ili kifundo kikae kimenyooka.

"Wiki sita usishike kisu. Nyama hii ikizidi kupungua, nenda hospitali, usinisubiri mimi."

"Wiki sita, bibi? Watoto watakula nini?"

Bi Hajira akaiokota kamba iliyokatwa. "Kamba hii nani alikufundisha?"

Yordani akatazama chini. Halafu akamtazama mwandishi.

"Mzee Sadala huyu hapa. Wakati ule akiwa nyapara wetu. Alinifunga kwa mkono wake."

Mwandishi akaulizwa Mbaruku anakaa wapi. Akasema Magoma. Bibi akasema Magoma anaijua nyumba kwa nyumba. Mwandishi akasema labda ni Kerenge. Bibi akasema ndiko alikoolewa.

"Hakuna Mbaruku," mwandishi akakiri.

"Sasa wiki hizi sita," bibi akasema, "Mbaruku ndiye atakayewalisha."

Hii ni wiki ya tano. Nyapara wa sasa amekubali kumshikia Yordani nafasi yake. Kidole cha shahada kimezinduka, cha kati kinachomachoma, gumba bado zito. Juzi alifunga vifungo viwili vya shati mwenyewe, akaenda kumwonyesha jirani. Ameomba ahamishiwe kwenye kuanika singa, ambako kifundo hakikunjwi sana. "Nikipata, sirudi kwenye kisu," anasema. "Nataka mkono huu nizeeke nao."

Mwandishi naye kila Jumapili husimama bombani kambini, akatangaza kwamba Mbaruku hakuzaliwa, na kukata kamba za wanaokubali. Siku ya kwanza walikubali kumi na saba. Wengine walisema anawaonea wivu.

Kisha hupeleka debe la mahindi kwa Bernadina. Jumapili iliyopita mama huyo alilitazama, akatia mkono ndani.

"Mzee Sadala, debe hili mbona halijajaa?"

Mwandishi akaeleza kwamba mahindi ya Korogwe, yakibebwa juani, husinyaa.

"Ahaa. Na ya kwako nyumbani yako kivulini?"

"Yako kivulini, mama."

"Basi kalete hayo."

Mwandishi akaenda kuyaleta.