Mfumo Uliofagia Mapema

Baada ya kidato cha nne, na matokeo ya kutia huruma, nilikaa kwenye kibanda cha kutengeneza simu pale Bariadi na ndoto kubwa kuliko kibanda chenyewe: kubuni mfumo wangu wa kupanga mafaili kwenye kumbukumbu ya simu. Nilijifunza kwa video. Nikajua kwamba ukifuta kitu kwenye memori kadi hakiondoki hapohapo. Linaondoka jina lake tu, chenyewe kinabaki mpaka nafasi ifagiliwe ili kipya kiandikwe. Simu za bei rahisi husubiri zijae ndipo zifagie, ndiyo maana zinaganda. Mfumo wangu ungefagia mapema. Niliuandika miezi mingi kwenye laptopu chakavu, nikijicheka na kujisifu mwenyewe.

Basi akaja mama mmoja mjane kutoka Lagangabilili. Mumewe, kabla hajafa, alijirekodi akisema ng'ombe wabaki kwa mke na mabinti zake. Simu ikajaa, ikamtaka afute vitu. Akafuta, na sauti ya mumewe ikaenda humohumo. Mashemeji walikuwa wameitisha kikao cha ukoo Jumapili, na walishamwambia kwamba maneno yake peke yake hayagawi ng'ombe.

"Itapatikana, mwanangu?"

"Mayu, mama yangu, ipo humu. Imejificha tu."

Wala sikumdanganya, ilikuwepo. Nikachomeka memori kadi yake kwenye laptopu niitafute, nikasahau kwamba tangu asubuhi nilikuwa naujaribu mfumo wangu humo. Ukafanya nilichoufundisha: ukaona nafasi isiyo na jina, ukaona ni takataka, ukafagia. Haikufika hata dakika. Siku zote ulikuwa unakwama, siku hiyo haukukwama.

Nilijaribu kila programu niliyoijua, wapi. Nikamweleza yote, kwamba kufuta kwake kulikuwa hakujaharibu kitu, aliyeharibu ni mimi. Hakunifokea. Alikunja khanga yake magotini, akaniomba tu niende naye kwenye kikao nikaseme kwamba sauti ilikuwepo.

Nikaenda. Niliwaeleza wazee habari za kadi, za majina na za kufagia, na nadhani walinielewa vizuri kuliko nilivyotegemea. Shemeji mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza jambo moja.

"Wewe uliisikia?"

Mama yule alikuwa ananitazama.

"Hapana," nikasema.

Ng'ombe waliswagwa mchana uleule. Binti mdogo aliwafuata mpaka barabarani, akiwaita mmoja mmoja kwa majina yao.